Utepe wa Njia Panda ya Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwalimu mstaafu. Umri: miaka 68. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha mbao. Uhusiano na marehemu: shemeji, nimemwoa dada yake.

Nimeonywa niseme kweli tupu, nami ninasema nikiwa na akili timamu.

Mnamo tarehe 14 Agosti, saa 12:30 asubuhi, tuliondoka kambi ya tatu tukiwa watu watatu: binti yangu, ambaye ni muuguzi, mjomba wake, fundi viatu, ambaye nyumbani tulimwita Kobe, na mimi. Ilikuwa siku ya nne ya safari yetu ya siku sita. Kila mmoja alibeba shanta lake.

Tuna desturi ya miaka mingi. Binti yangu hutangulia ili afike kambini mapema na kuchemsha maji. Kila penye njia panda hufunga utepe mwekundu upande ulio sahihi. Anayekuwa wa mwisho huufungua na kuutia mfukoni, ili tusiache takataka mlimani. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Saa 3:00 mimi na Kobe tulipumzika. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeanza kuachama. Nilimwambia, "Fundi mzima, kiatu kinakucheka."

Akasema, "Mganga hajigangi, shemeji. Lakini leo nakupita. Utanikuta kambini nimeshakunywa chai."

"Labda kambi ije kukufuata."

Akacheka, akatangulia. Mimi niliondoka baada ya dakika kumi.

Saa 4:15 ukungu ulishuka. Sikuona zaidi ya hatua tano. Baadaye waokoaji walikuta uzi na sindano yake ya viatu nyuma ya jiwe kubwa kando ya njia. Ina maana alikuwa ameketi pale akishona, nami nilimpita bila kumwona.

Saa 4:50 nilifika njia panda ya tatu. Utepe ulikuwapo kwenye tawi la kulia, umefungwa kwa mafundo mawili. Niliamini Kobe yuko mbele, na kwamba wa mwisho ni mimi. Sikuita. Niliufungua utepe, nikaukunja, nikautia mfukoni.

Saa 7:20 mchana nilifika kambini. Vikombe vitatu vilikuwa vimepangwa juu ya jiwe. Binti yangu aliuliza, "Baba, mjomba umemwacha wapi?"

Nikasema, "Si yuko hapa?"

Tulirudi. Saa 10:05 tulifika njia panda ile. Binti yangu alilishika lile tawi, akaligeuza huku na huku. "Baba, hapa nilifunga. Au sikufunga?"

Nilimjibu, "Mimi sikuona kitu."

Haikuwa kweli. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya utepe.

Kobe alipatikana tarehe 15, saa 2:40 asubuhi, chini ya genge la mwamba, upande wa njia ya kushoto. Kiatu kilikuwa kimeshonwa. Mshono ulikuwa mzuri.

Tangu hapo ndugu wa marehemu wanasema binti yangu alisahau, naye anasadiki. Msibani hakukaa na wenziwe. Alikaa jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mama yake hamsemeshi. Nimeyaona hayo kwa siku tisa, nami nimekula na kulala.

Binti yangu hakusahau. Alifunga utepe mahali pake. Niliufungua mimi.

Maelezo yangu yanakoma hapa. Ni yangu, wala sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, askari wa zamu, tarehe 23 Agosti, saa 5:10 asubuhi. Shahidi ametoa utepe mmoja mwekundu, bado umekunjwa. Umepokelewa kuwa kielelezo. Alipotakiwa ayasome maelezo yake kabla ya kutia sahihi, alisema anajua kusoma, lakini akaomba nimsomee kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Binti yake alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Nilifungua mlango, nikasoma yote.