Suti Uliyomzikia Baba

Kibaigwa, 14 Juni 1993

Mdogo wangu Jordan,

Habari za Dar es Salaam? Sisi wazima, isipokuwa mama. Miguu inamsumbua, na usingizi haupati vizuri tangu tumzike baba. Salamu zinaishia hapo.

Nilinyamaza msiba mzima kwa sababu mama aliniomba. Sasa nasema. Baba aliomba mbele yangu na mbele ya mchungaji azikwe na koti lake la kahawia. Nililifua, nikalipiga pasi, nikalipeleka mwenyewe chumba cha maiti pale Dodoma. Jeneza lilipofunguliwa kanisani, nikaona mtu amevaa suti ya kijivu inayong'aa kama bati jipya, na tai nyekundu. Nilidhani wametukabidhi maiti ya watu wengine. Nilipoona kovu la kidevuni ndipo nikajua ni baba.

Kumbe ulipitia pale asubuhi, ukampa mhudumu suti yako, ukaja kukaa na waombolezaji kama hujafanya kitu. Watu wakakusifu kwamba Jordan kamzika baba yake kama mkurugenzi, nawe ukapokea sifa. Baba yetu, Mzee Bartolomayo, alikuwa mpima mahindi kwenye ghala la ushirika. Maisha yake yote hakujali mavazi.

Koti liko wapi? Mama analiulizia. Nijibu hilo tu.

Dada yako,
Paulina


Dar es Salaam, 2 Julai 1993

Dada Paulina,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi dukani inaendelea. Mpe mama pole ya miguu.

Koti nilimwambia mhudumu alitupe, na naamini alilitupa. Mwambie mama hivyo, au mwambie utakavyoona mwenyewe.

Unasema baba hakujali mavazi. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuwepo nilipomaliza kidato cha nne akanipeleka Dodoma kunitafutia kazi. Tulikaa kwenye benchi la ofisi moja tangu asubuhi. Waliokuja nyuma yetu na mashati yao safi wakaingia, wakatoka. Baba alipokwenda mlangoni, karani akatazama viraka vya viwiko vyake, akamwambia, "Mzee, wanaotaka kazi ya ulinzi wanasubiri nje." Baba akasema asante. Akatoka, akasubiri nje. Unanielewa, dada? Alikwenda kusubiri nje.

Ninauza suti. Kila siku naona mtu anaingia dukani kichwa chini, anatoka kichwa juu, na ni mtu yule yule. Ninyi mnaosema nguo si kitu, mnasema hivyo kwa sababu hamjawahi kupishwa mlangoni wala kuzuiwa. Nilitaka baba atazamwe vizuri japo siku moja. Sijutii.

Nimemtumia mama kifurushi kwa basi. Kuna vitenge, viatu na chupa ya chai yenye maua.

Mdogo wako,
Jordan


Kibaigwa, 11 Julai 1993

Jordan,

Hatujambo.

Kifurushi nakirudisha kwa basi lile lile. Viatu vina visigino virefu, na mama anatembelea fimbo. Ulipokuwa unachagua ulikuwa unamfikiria nani?

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Ni kweli sikuwepo. Lakini tazama ulichofanya. Karani yule alimtazama baba akaona viraka. Nawe ulisimama mbele ya maiti ya baba yako ukaona viraka vile vile. Tofauti yenu ni kwamba karani hakuwa mwanawe.

Viraka hivyo nilivishona mimi.

Paulina


Dar es Salaam, 19 Septemba 1993

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama ana nafuu.

Nimekaa kimya ili nisikutukane. Kaburi la baba ni kichuguu cha udongo, mvua zikija litatitia. Fundi anaitwa William, atakuja wiki ijayo na vigae vyeupe na saruji. Sikuombi ruhusa. Ni baba yangu pia.

Mdogo wako,
Jordan


Kibaigwa, 3 Oktoba 1993

Mdogo wangu Jordan,

Habari za siku nyingi. Mama anakusalimu. Nakuandikia kwa sababu amesema nisipoandika mimi atamwendea mchungaji amwandikie.

Fundi wako alikuja. Nilisimama juu ya kaburi nikamwambia akianza kuchimba ataanza na miguu yangu. Mama akatoka jikoni na fimbo yake, akaniambia nishuke, nimwache kijana afanye kazi. Nikamwambia, "Mama, baba hakutaka urembo."

Akaniuliza, "Nani kakwambia?"

Akakaa chini palepale kwenye udongo, akaeleza. Kwamba lile koti baba alilishonesha kwa fundi cherehani Abdulnasiri mjini, mwaka uliobatizwa wewe. Fundi alimshauri achukue kaki, kitambaa kizito kinachodumu. Baba akakataa, akachagua kile chembamba chenye mistari, kwa sababu alikiona kimetundikwa dukani na kikampendeza. Alipolivaa alipita mbele ya kioo cha duka, akarudi, akapita tena, hadi mama akaona aibu. Viwiko vikatoboka upesi kwa sababu kitambaa chenyewe kilikuwa cha sura tu. "Alikuwa na maringo baba yenu," mama akasema. "Hata ile suti angeipenda. Koti alilipenda zaidi."

Jordan, nilishuka nikamwachia fundi. Miaka yote nilikuwa namsifu mtu mwingine. Na wewe ulimwonea huruma mtu ambaye, kila Jumapili akivaa lile koti, alijiona kapendeza kuliko wote. Ndilo ulilolitupa.

Vigae vimekwisha. Vinang'aa hadi barabara kuu, madereva wa malori ya mahindi wanapunguza mwendo kutazama. Mama anavifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Anasema ni vizuri. Huenda ni vizuri.

Lakini usidhani umeshinda. Ungeniuliza siku ile, huenda ningebisha, ningelia, halafu ningemvalisha baba hiyo suti kwa mikono yangu na koti nikamlaza nalo pembeni. Hukuniuliza. Suti ningekusamehe. Hilo siwezi.

Ukija kumwona mama, niarifu mapema, nitakwenda kulala kwa mashemeji zangu.

Dada yako,
Paulina