Neno Alilosifiwa Nalo Baba

Kaka mpendwa,

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Mama hajambo, ila miguu bado inamvimba.

Baba tulimzika Alhamisi. Meneja wa ofisi aliyoifagia baba miaka thelathini, kijana wa rika lako, alisoma hotuba kwa Kiingereza, akasema baba alikuwa "humble". Mama akaninong'oneza, "Kasemaje?" Neno lenyewe lina maana mbili: mnyenyekevu, tena mtu wa chini. Nikampa ile ya kwanza.

"Mnyenyekevu? Mume wangu?" mama akashangaa. "Mbishi yule, hata redio alikuwa akigombana nayo!"

Nilicheka huku nalia. Sikumwambia kwamba siku moja nilimpelekea baba chakula kazini, nikamkuta kainamisha kichwa, meneja huyohuyo akimfokea kwa sababu ya kikombe alichovunja mtu mwingine. "Samahani, bosi," baba alijibu, kwa sauti nisiyoijua. Aliponiona, aligeukia ukutani. Hatukulizungumza kamwe.

Baada ya maziko mama aliuliza kama umepiga. Nikamwambia mtandao unasumbua. Akaitikia tu, akaenda kukunja mashati ya baba, akasema yatakutosha.

Wako,
Mdogo wako