Mama Mkwe Anasimamia Kombi Yangu

Maman Colette, mshauri wetu mpendwa wa redio, naomba msaada kabla sijapoteza ndoa na kibali siku moja. Mimi ni Serge, nabeba watoto wa shule kwa kombi, kutoka South Beach mpaka Sydenham, na mwaka huu kanuni za makamishna wa usafiri zimerekebishwa, wakatuambia ni marekebisho madogo tu, ya kiufundi, tusikose usingizi. Zamani ukiomba kibali unaandika jina la msimamizi, mtu mwenye sifa nzuri asiye dereva, basi imeisha, nami nikaandika mama mzazi wa mke wangu, Maman Immaculée, shemasi wa kanisa, mtu ambaye hata wambea wamekosa la kumsema, nikijua gari yeye anaijua kwa rangi tu. Kumbe sasa msimamizi lazima asimamie kweli, tena kamishna atamwita amuulize kwa kinywa chake, na mke wangu Larissa alipomweleza, mama yake akasema, "Kama jina langu iko pale, kazi yangu iko pale," na asubuhi yake akapanda kombi.

Maman, akakaa mbele! Kwetu mkwe ukimwona njiani unakata kona, huli mbele yake, humkazii macho, sasa bega lake na langu ziko pamoja mpaka Sydenham, na kwa heshima hiyo hiyo yeye hasemi na mimi, anasema na watoto: "Mwambieni dereva robot ni nyekundu," yaani taa ya barabarani, na gari nzima inaitika, "Dereva, robot ni nyekundu!" "Mwambieni dereva aweke simu chini," nao wanaimba, na mkwe hajibiwi, ikabidi nijibu, "Watoto, mwambieni Maman nimesikia." Eish! Madereva wenzangu wakiniona wanapiga honi kwa kicheko.

Jumanne ndiyo siku ya kamishna, na Maman Immaculée amemwambia Larissa atasema yote, hata breki, ambayo inalia kidogo tu. Nikitoa jina lake, Larissa anasema kanisa zima litauliza mama yake ameharibu nini. Nikimwacha, kibali kimekwenda na sina kazi nyingine. Nifanye nini?

Serge, South Beach.

*

Serge, pole. Nimecheka mpaka nikaomba waweke muziki. Sasa kicheko kimeisha, nisikilize.

Ulimchagua mtu mkweli ili akusaidie kudanganya. Hiyo akili uliitoa wapi? Ulitaka sifa zake, umezipata, zimepanda gari, unalia. Halafu habari za mkwe umejaza barua nzima, breki umeipa maneno matatu: inalia kidogo tu. Watoto wa watu wamo humo, baba! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe huna hata tofali.

Jumamosi peleka kombi kwa fundi, kule Mobeni wapo wengi. Nenda na Maman Immaculée, mtafutie kiti, fundi amweleze yeye kila kitu, hapo hakuna aibu ya ukwe. Kuanzia Jumatatu mkaribishe kiti cha nyuma kabisa, aone watoto wote, na bega lako lipumzike. Jina lake usiliguse. Jumanne mwache aseme yote. Kamishna anatafuta msimamizi anayesimamia, na wewe unaye mpaka unamkimbia.

Na jambo la mwisho. Leo asubuhi, kabla sijasoma barua yako hewani, mama mmoja alipiga simu hapa studio. Hakutaja jina. Alisema, "Iko dereva mmoja anasikilizaka kipindi chako, mimi siwezi kusema naye. Mjukuu wangu anakaa nyuma ya kiti chake kila siku. Mwambieni dereva siendi kwa kamishna kumshitaki, naenda kumtetea. Lakini breki siwezi kuitetea."

Haya, dereva, umeambiwa.