Jiwe la kuanikia mihogo

Arua, Alhamisi

Jiwe la Baba litapasuliwa. Amesema mdogo wangu Aluma kwa simu leo mchana, kutoka Dranya, kijijini kwetu Koboko. Anataka mawe ya msingi wa nyumba mpya ya Mama.

"Kaka, ile jiwe iko bure tu. Mihogo sasa sisi nakausha kwa turubai. Wewe iko Arua, unakula chapati. Jiwe ya nini?"

Nyumba ya Mama inavuja.

Juu ya jiwe hilo Baba alianika mihogo iliyotulisha sote. Alianika kwanza, ndipo akaenda kulima. Wingu likitokea, aliacha kila kitu akakimbia kuanua. Jumapili moja aliondoka kanisani katikati ya mahubiri. Katekista akamwita: "Mzee, unamkimbia Mungu?"

Baba akajibu akiwa mlangoni: "Mungu iko na chakula yake. Watoto yangu bado."

Nusu ya kanisa ikamfuata. Nao walikuwa wameanika.

Leo, tukiwa bado kwenye simu, wingu zito lilitanda juu ya mji. Nikajikuta nimesimama, natafuta kikapu. Ofisini. Nilisubiri kidogo, kama vile Baba angeniita.

Nimempigia Aluma tena. Apasue, ila kwanza ang'oe mihogo kesho, tuianike juu ya jiwe kwa mara ya mwisho. Wapasuaji waje ikishakauka.

Akacheka. "Na mvua ikikuja?"

"Nitaanua mimi."

Jumamosi asubuhi naenda Koboko.