Felista Hakukosea Kupima

Kihonda,
Morogoro.
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa mjomba Andrea,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, maana moja haitoshi kwa muda wote niliokaa kimya. Mguu unasemaje? Walikuambia mwezi wa tano utatembea bila fimbo, lakini nakujua, fimbo umeshaipenda kwa sababu inakufanya uogopwe. Na mkaza mjomba hajambo? Presha imeshuka, au bado anaongeza chumvi ukigeuza mgongo? Natumaini hapo Korogwe mahindi yamesimama.

Sisi huku tunapumua. Nikisema zaidi ya hapo nitakudanganya, na barua hii nimeikalia siku tisa nikijizuia nisikudanganye.

Ningepiga simu, lakini mjomba, wewe na simu! Unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata usiposikia kitu, na haya si maneno ya kuitikiwa hivyo. Vaa miwani, kaa chini, usome mwenyewe.

Ujumbe wako umenifikia. Umesema siku ukija kwenye arobaini ya mdogo wangu Ignas, tarehe ishirini na moja, mkewe awe ameshafungasha na kurudi kwao, kwa sababu hutakaa chini ya paa moja na mwanamke aliyemlisha mwanao sumu. Nimeambiwa ulilia uliposema hivyo. Sikulaumu. Hata hapa Morogoro mjini wapo wanaosema vivyo hivyo, na wao hata hawamjui Felista.

Mjomba, Felista hakumlisha Ignas sumu. Wala hakukosea kupima. Aliyekosea ni mimi, Grace, mpwa wako uliyemlipia ada ya sekondari. Nimelitanguliza hilo ili ukichoka kusoma njiani, uwe umeshalipata.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, na mimi nimezoea kujibu "maabara", nikanyamaza. Duniani kuna watu wanaoweza kuchukua vijidudu vya ugonjwa wakavifanya silaha, wakavimwaga sokoni au kwenye maji, watu wakafa bila kusikia mlio wa bunduki. Mataifa yenye fedha yanaliogopa sana jambo hilo. Ndiyo yakatulipa tutengeneze kifaa cha kushika mkononi, kidogo kama redio ya mfukoni. Unakitilia matone ya damu au maji ya udongo, na ndani ya dakika ishirini kinakuambia: taa nyekundu, hapa pana kijidudu fulani, ondokeni; taa ya kijani, hapa pako salama. Kijidudu cha kwanza kwenye orodha yao ni cha kimeta. Kwao kimeta ni silaha. Kwetu ni ng'ombe wa jirani aliyevimba tumbo akafa. Kwa kuwa kwetu kipo bila vita, wakaona pa kujaribia kifaa ni kwetu.

Miaka sita nimekitengeneza kile kifaa. Sikuolewa, unajua, na ulinisema weee mpaka ukachoka. Nilikuwa nakwambia subiri nimalize kazi hii. Ignas alikuwa anakiita "mbwa wa Grace", kwa kuwa kinanusa. Kila nikipanda kijijini kwetu Matombo ananiuliza, "Mbwa wako ameshaanza kubweka?"

Mwaka jana tukaanza kufundisha watu wa kujitolea vijijini kukitumia. Matombo nilimchagua Felista mwenyewe. Ana mkono mtulivu, hana papara kama mimi. Alifaulu kuliko wote, na cheti chake Ignas alikitundika ukutani pembeni ya picha ya Bikira Maria.

Basi sikia ilivyokuwa. Binti yao alikuwa apate kipaimara Jumapili ya tarehe nne Mei. Ignas akasema kuku hawatoshi, mbuzi hatoshi, akashuka hadi Dumila akanunua dume la ng'ombe lililonona. Likapandishwa Fuso hadi Mkuyuni, kisha Matombo kwa tope lile unalolijua. Jumamosi asubuhi dume likaanza kutetemeka. Likalala. Watu wakasema litakufa haramu, lichinjwe upesi. Wakakata majani ya mgomba, wakatandika, kama tulivyofanya tangu enzi za bibi ili nyama isiguse udongo, wakalichinja. Ignas alijikata kidole kwenye kuchuna.

Felista akasimama mbele ya wanaume wenye visu. Akawaambia hakuna atakayebeba hata utumbo mpaka kifaa kiseme. Wengine walimtukana, mjomba, wakamwambia anatia mkosi sherehe ya mwanawe. Hakujali. Akanawa, akavaa glovu, akachota damu pale ilipotuama, kwenye mkunjo wa jani. "Chota pale damu ilipotuama." Ni maneno yangu hayo, niliwakaririsha wote darasani kama sala. Maabara damu hutuama kwenye sinia la chuma. Migombani hutuama juu ya jani lililokatwa sasa hivi, linalotoka utomvu.

Taa ikawaka kijani. Watu wakapiga vigelegele.

Felista akanipigia picha akanitumia kwenye simu. Nilikuwa sokoni nachagua nyanya. Nikaona kifaa, nikaona kijani, nikaona damu, na jani nililiona. Jani lilionekana vizuri kabisa, mjomba, na mkunjo wake! Nikafurahi kwamba picha imetoka safi, nitaitumia kwenye ripoti. Nikamjibu, "Safi sana wifi. Kuleni kwa amani." Huo ujumbe bado ninao.

Angekuwa mgeni ningemwelewa. Mgeni atajuaje utomvu? Lakini mimi! Niliyezaliwa migombani, niliyechapwa na marehemu mama kwa gauni la shule lililoingia madoa ya utomvu yasiyotoka hata kwa magadi! Miaka sita nimejaribu kifaa kwa damu, kwa maziwa, kwa maji ya mtoni, kwa vumbi la barabarani. Utomvu wa mgomba haukunijia kichwani hata siku moja. Nilisoma mpaka nikasahau kwetu.

Nyama ilipikwa ikaiva, walaji wengi wakasalimika. Lakini Ignas alikuwa na kile kidonda. Siku ya tatu kidole kikatoa kijipu kisichouma, katikati cheusi. Akaenda zahanati. Mganga alimuuliza kama amechuna mnyama mgonjwa. Alimuuliza, mjomba! Ignas akacheka, akamwambia, "Yule alipimwa, na kifaa katengeneza dada yangu." Akatibiwa jipu. Ijumaa mkono ukavimba hadi shingoni. Jumapili wakamshusha hospitali ya mjini kwa gari la kukodi, mvua inanyesha, likakwama mara mbili. Jumatatu asubuhi akafa, mimi nimemshika mguu, na alikuwa hanijui.

Kimeta cha ngozi kinatibika. Kwa vidonge vya kawaida, vinavyopatikana hata Mkuyuni. Majirani wawili walioshika ile ngozi walitoka vidonda kama chake, wakapewa vidonge baada ya hospitali kututhibitishia kuwa ni kimeta, leo wanalima. Taa ingewaka nyekundu, Ignas angepewa dawa Jumamosi ileile.

Baada ya maziko nilirudi maabara. Nikachukua damu yenye vijidudu vya kimeta vilivyokwisha kuuawa, nikaitia utomvu. Kijani. Nikarudia. Kijani. Mara kumi na moja, na mara zote kijani. Bila utomvu, nyekundu papo hapo. Utomvu unavifunika vijidudu, kifaa kinapita juu yake kama kipofu. Nilikaa sakafuni pale nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Sasa kuna mkuu wetu wa mradi, Dokta Mustansir. Si mtu mbaya. Kazaliwa hapahapa mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na kwenye msiba alipanda hadi Matombo akakaa mkekani na watu kutwa nzima. Lakini ripoti aliyoniletea niweke sahihi ilisema: "Sampuli haikuchukuliwa kwa kufuata utaratibu." Nikamuuliza utaratibu upi, wakati mimi ndiye niliyeuandika na Felista akaufuata neno kwa neno? Akasema, "Sentensi moja tu, Grace. Jina lake hatulitaji." Nikamwambia kijiji kizima kinajua nani alipima. Akaniambia nikiandika vingine, wafadhili watafunga mradi, vijana kumi na wanne watakosa kazi, na kifaa hakitarekebishwa kamwe.

Nilimfokea, nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa. Lakini alikuwa anasema kweli. Sikutia sahihi. Niliandika maelezo yangu, utomvu na yote, nikayapeleka. Wiki iliyopita wakasimamisha kila kitu. Vifaa vimekusanywa, makabati yamefungwa, mimi nimeambiwa nisubiri nyumbani.

Usidhani nakuandikia haya unisifu. Sioni cha kusifiwa. Watu wataendelea kuchinja juu ya majani, na sasa hawana hata kifaa kibovu. Ignas hayupo. Miaka yangu sita imekwenda. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, na kweli, machozi yamenikauka, nabaki nimetoa macho tu. Asubuhi naamka, nafunga mkanda wa saa, nakumbuka sina pa kwenda. Misa naenda, lakini ikifika "nimekosa mimi" mdomo unakuwa mzito, naogopa watu wa benchi la mbele watageuka kuniangalia.

Jumamosi ya juzi nilipanda Matombo. Nilikwenda kumwambia Felista ukweli, nakuapia, nilikwenda kwa hilo tu. Nikamkuta amehamia jikoni nje, na watoto. Anasema nyumba si yake tena, anasubiri siku. Kakonda, mjomba, shingo imebaki mishipa. Wenzake kisimani wanamwachia nafasi akifika, si kwa heshima. Alinipikia chai. Akaketi, akanionyesha viganja, akaanza: "Nilinawa. Nikavaa glovu. Nikachota ilipotuama. Nikahesabu matone matatu. Nikangoja dakika ishirini kwa saa ya Ignas. Wifi, wewe ndiye fundi, niambie, nilikosea wapi?"

Nikamwambia sijui.

Ndivyo nilivyomjibu. Nikamaliza chai yake, nikashuka.

Kwa hiyo nakuomba, na sina haki ya kuomba kitu. Kiwanja kile kilitoka kwa bibi kikaja kwa mama, na kwa mama kimekuja kwangu, kama desturi yetu ilivyo. Ignas alijenga pale kwa ridhaa yangu. Ninasema Felista na wanawe wabaki, wapande, wavune, mpaka watakapochoka wenyewe. Lakini unajua, neno langu mbele ya ukoo bila lako halina uzito, na baada ya watu kusikia haya halitakuwa na uzito kabisa. Wewe ndiye mjomba. Ukisema abaki, atabaki, na wa kisimani watanyamaza.

Barua hii uje nayo. Siku ya arobaini, kabla watu hawajala, isomwe kwa sauti, yote, hata pale pa nyanya sokoni, usipunguze ili kunistiri. Felista hataisikia hapo kwa mara ya kwanza. Alhamisi hii napanda tena, na safari hii sitakunywa chai mpaka nimeshasema. Akinifukuza, usimkemee.

Nisalimie mkaza mjomba, na Abdulswamad jirani yenu aliyekubeba siku ulipoanguka. Mwambie tunamkumbuka kwa wema. Watoto wa Ignas wanakusalimu, yule mdogo anauliza kama kweli fimbo yako ina kichwa cha nyoka. Felista hakunituma salamu, anaona hastahili. Nakuletea zake bila ruhusa yake.

Mungu akulinde safarini, akupe mguu wa kukufikisha.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata baada ya haya yote,

Grace.

Nyongeza: Nimeisoma barua upya nikaona hakuna mahali nilipoandika "nisamehe". Usidhani nimesahau. Najua nikikuomba utanisamehe leoleo, kabla hujavua miwani, kwa sababu mimi ni mtoto wako. Usinisamehe kwanza, mjomba. Anza na Felista, ambaye hana alilokosa.