Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta ya Idi

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumanne, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Barua hii naomba ikukute umekaa barazani, miguu haijavimba, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia unajipaka mwenyewe, hujamgawia shangazi nusu chupa. Kikohozi je, kimepungua? Na paa la jikoni, mjomba ameliziba au bado anasema kesho? Mimi mzima, kazi ipo, joto tu ndilo linatumaliza. Idi naye ni mzima. Nimemtaja mapema maana nakujua, bila kuliona jina lake hutasoma kingine.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako mama unaiweka sauti ya juu, majirani wote wanasikiliza, na nusu yao wananijibu kabla yako. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani, usome polepole mpaka mwisho, usiruke.

Namwonea wivu mdogo wangu. Nimelisema, limetoka. Mimi nina miaka kumi na moja hapa mjini. Nilianza kwa kubeba mizigo, nikajifunza ufundi wa kompyuta kwa kusimama nyuma ya migongo ya watu, na leo nina meza yangu kwenye kichochoro cha mafundi na watu wa Upanga wanapanda bajaji kuniletea mashine zao. Lakini ukinipigia unaniuliza, "Umekula? Kodi umelipa?" Basi, umemaliza. Idi ana miaka miwili tu hapa, kazi yake kucheza mpira wa kwenye kompyuta huku watu wanamtazama laivu kwenye simu zao. Yeye ukimpigia unamwuliza, "Juzi ulifunga mangapi, baba?" Baba! Mimi uliniita baba lini?

Dada Asha kanihadithia unavyomnyang'anya simu kila Jumamosi ukakaa kitako na kikombe cha uji kumtazama Idi. Mimi nimefufua kompyuta zilizokwisha kuombewa dua, wala hakuna aliyenikalia kitako.

Sasa ndio hivyo, kompyuta yake ikaanza kuganda. Anacheza vizuri nusu saa, mara picha inasimama, mchezaji mguu juu, mpira hewani. Huku nje watazamaji wanaona vipandevipande, sauti inafika picha imeshapita, wanaanza kumwandikia, "Idi, umesinzia?" Wewe mwenyewe ulinipigia. "Salumu mwanangu, mdogo wako anakatikakatika, msaidie." Siku hiyo hata kama nimekula hukuuliza.

Nikamwambia ailete. Akaja ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nikaiwasha asubuhi, nikaitia mchezo mzito, nikarusha matangazo ya majaribio mpaka alasiri. Haikuganda hata mara moja. Akaichukua, kufika kwake ikaganda. Nikasema ni mtandao, nikampa waya wa mtandao achomeke mwenyewe, aachane na waifai. Ikaganda. Nikasema ni umeme wa nyumba ile, nikampa stabilaiza yangu. Ikaganda. Ikarudi mezani kwangu, nikabadilisha ram, nikapuliza feni, nikapaka pesti mpya ya kupooza joto, nikaazima kadi ya picha ya fundi jirani. Kwangu inakwenda siku nzima safi kabisa, kwake nusu saa haifiki. Yule fundi jirani akaanza kunichokoza, "Salumu, hii mashine inakupenda wewe tu, muoe basi." Wateja wakacheka. Ufundi wangu ndio kitu pekee nilichonacho kumzidi Idi, na sasa nao ukawa unachekwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo likaja la duka. Mtaa wetu kuna duka linauza kompyuta za michezo, mwenyewe alikuwa anatafuta kijana wa kukaa pale dukani acheze laivu, wateja waone. Mshahara wa kila mwezi, kiyoyozi juu. Akamwambia Idi, "Jumamosi baada ya alasiri nakuja kwako nione kwa macho yangu. Nirushie kwa muda wa saa mbili bila kuganda, kazi ni yako." Idi alikuja mbio mezani kwangu kuniambia, ananishika mabega. "Kaka, ni wewe tu umebaki!" Nikamwambia hongera. Roho iliniuma mama, sikufichi. Kazi ya kukaa kwenye ubaridi ucheze mpira! Mimi miaka yote hii napepewa na kipande cha boksi.

Alhamisi nikasema niende chumbani kwake, maana mashine nilikuwa nimeipekua yote, chumba sijakiona tangu ihamie pale. Anakaa upande wa kushukia Jangwani, mvua ikikaza maji yanapiga hodi, kwa hiyo kompyuta ameipandisha juu ya matofali manne. Nikaingia, nikasimama mlangoni.

Nilikiona kitambaa chako, mama. Cheupe, kingo nyekundu, na yale maua yako ya majani matano. Kimevishwa kompyuta juu, kimeshuka ubavu wote na mgongoni, mbele tu kimekatizwa taa zionekane.

"Hiki kimetoka wapi?" nikamwuliza.

"Mama huyo! Alimpa mjomba aniletee," akanijibu, kanawiri. "Kasema isikae wazi, kuna vumbi na macho ya watu. Watazamaji wangu wote wanakijua, wengine wanauliza kinauzwa wapi. Ni wewe tu hujawahi kunitazama."

"Mbona ukija kwangu sikioni?"

"Nakikunja nakiweka kabatini. Kwako grisi tupu, kaka, si kitachafuka?"

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa. Kila kitu kilivaa. Redio ya marehemu baba ilivaa, televisheni ilivaa, migongo ya viti ilivaa, hata jagi la maji. Kitu kisichovishwa kwetu ni kitu kisichopendwa. Lakini redio ya baba haikuwa na feni, mama. Hizi kompyuta za michezo zinavuta hewa ubavuni na kutoa moto juu, na zikizidiwa na joto zinajipunguza nguvu zenyewe zisiungue. Ndio kule kukatika, ndio kule kuganda. Nilipenyeza mkono chini ya kitambaa nikautoa haraka. Nilijua papo hapo. Lilikuwa la kusema neno moja tu, toa.

Sikulisema.

Niliyatazama yale maua nikafikiria jioni ngapi umekaa na sindano yako na uzi, macho yenyewe hayo ya kubahatisha, unamfumia Idi. Nikajiambia mimi wa kwanza kuja mjini redio yangu ilikaa uchi. Hapo kuna jambo nilikuwa nimejisahaulisha, nitalifikia. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakapiga kelele. Nikasema moyoni, kama mama ndiye kampendelea, basi upendeleo wake na umgandishe. Kwa mdomo nikasema, "Ngoja nilifikirie zaidi." Nikaondoka. Ijumaa nzima sikumpigia.

Jumamosi mwenye duka akaja, akakaa kitandani. Mimi nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na bisibisi yangu mkononi kama fundi wa maana. Idi akawasalimia watazamaji wake, "Leo nipo na kaka yangu, ndiye fundi wangu, huyu hajawahi kuniangusha." Kisha akagusa kitambaa kama anavyofanya kila siku, "Na hiki ni cha mama." Akaanza. Mama, yule mtoto anajua. Akafunga la kwanza, akafunga la pili, mwenye duka akawa anapiga paja. Mara ikaganda. Ikazinduka, ikaganda tena. Mara ya tatu ikaganda moja kwa moja, na pembeni maneno ya watazamaji yanapanda, vicheko vitupu.

Mwenye duka akainuka, akavaa viatu. "Kijana, mpira unaujua, ila mimi siwezi kuweka hiki mbele ya wateja." Akanigeukia. "Fundi mwenyewe ndio huyu?"

"Ndio huyu, na hana kosa," Idi akadakia. "Umeme wa huku kwetu ndio mbovu."

Na wewe hapohapo ukampigia, na kwa jinsi unavyopaza sauti tukakusikia chumba kizima. "Idi baba, kaka yako kashindwa?" Akakujibu, "Hapana mama, ni umeme tu. Kaka usimlaumu, kahangaika sana." Mimi nipo pale pale juu ya ndoo, nasikia.

Nilishindwa, wallahi. Niliinuka nikakivua kile kitambaa, nikakikunja, nikaiacha mashine ipoe. Nikamwambia washa. Akacheza mpaka adhana ya magharibi, haikuganda hata kidogo. Akaiacha kompyuta akawa ananitazama mimi.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

Nilingoja anitukane. Ningepata nafuu. Akauliza tu, "Kwa nini, kaka?"

Nikamjibu kama mtoto wa chekechea, mtu mzima na ndevu zangu. "Mama hakunifumia mimi."

"Alikufumia," akasema. "Nilikiona. Siku ya kwanza nafika mjini, nimekaa mezani kwako, kilikuwa chini ya bisibisi unafutia vioo vya watu. Kingo nyekundu, majani matano. Nikakijua."

"Na hukumwambia mama?"

"Nimwambie ili iweje? Mama anajua kiliibiwa."

Mama, hakikuibiwa. Nilikwambia wezi wa stendi walichana begi langu wakakichukua na redio, ukanipa pole wiki nzima, ukasema heri hawakukudhuru. Begi halikuchanwa na redio niliiuza mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikitandika mezani kwangu siku za mwanzo, mafundi wakubwa wakanicheka, eti mezani kwa Salumu kuna harusi. Nikaona haya. Nikakifanya tambara, na kinafuta vioo vizuri kweli, hicho ndicho kinachonikera zaidi. Uliposema utanifumia kingine nikakukatalia, nikasema usihangaike, nisije nikaulizwa tena. Halafu nikakaa na kinyongo miaka yote hii kwamba mwanao mmoja anafumiwa na mwingine hafumiwi. Na Idi kalijua hilo miaka miwili, kanifichia, wala hajawahi hata kunitania nalo.

Jana nilikwenda dukani kwa yule bwana. Nikamwambia kilichoharibika Jumamosi si umeme wala kijana, ni mimi, nilijua dawa nikanyamaza. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza, nilimshukuru kwa hilo. Kuhusu kitambaa alicheka mpaka akaita wafanyakazi wake, "Njooni msikie, kompyuta ilivishwa!" Sasa kichochoro kizima kinaniita Fundi Kitambaa, na watu wawili wameshapeleka mashine zao kwa jirani. Nimekubali. Amempa Idi Jumamosi hii, safari hii ni palepale dukani, na mashine ni ya Idi ileile. Mtazame. Hutakiona kitambaa juu ya kompyuta, usihuzunike. Nimekipigilia ukutani nyuma ya kiti chake cha kule dukani, mwenye duka ameridhia, na kila atakayemtazama atakiona. Kosa si lako wala la kitambaa. Wewe ulifanya vile tulivyolelewa.

Na usidhani wivu umekwisha. Bado ninao, tena umeongezeka. Zamani nilimwonea wivu wa watazamaji na wa kuitwa baba. Sasa namwonea wivu wa roho yake, na hiyo hakuna duka la Kariakoo linaloiuza.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa ya kuchua nitamtumia ya kwake. Mjomba mwenye mashine ya kukoboa msalimie, na paa alizibe. Dada Asha asante kwa simu yake anayonyang'anywa, na wanawe wawili wabusu. Bibi umsomee salamu tu, haya mengine yasimfikie. Na yule jirani anayejibu simu zako kabla yako, naye msalimie.

Humu kwenye kifurushi, chini ya barua, nimekiweka kile changu. Nimekifua mara tatu. Doa la katikati limekataa kutoka, na kona moja imefumuka. Usinifumie kipya, mama, sistahili kipya. Ukiwa na uzi wowote umebaki, nyekundu au hata si nyekundu, niungie hiyo kona unirudishie hichohicho.

Mimi mwanao wa kwanza,
Salumu