Makengeza Chini ya Jiwe

Mtani wangu Polikarpi,

Nimekaa juu ya mfuniko wa tenki, pale pale ulipokuwa unanikataza. Ulikuwa unasema makalio ya Mnyamwezi yataupasua, na maji ya kitongoji kizima yatanuka Tabora. Leo hakuna wa kunikataza, nikaona nikae, lakini sikupata ile raha niliyoitegemea. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya mkeo, shemeji Veronika. Sauti za watu wa huko Kinole zinapanda bila watu wenyewe. Mtu anakohoa, simwoni. Kila mara nadhani ni wewe na kile kifua chako, halafu nakumbuka kwamba kifua ndicho kilichokuondoa.

Mimi si mtu wa kalamu, unajua. Niliishia darasa la tano, na hilo lenyewe nusu yake niliisomea nyuma ya ng'ombe wa baba. Lakini kuna jambo limetokea kwenye arobaini yako, na nikimweleza mtu mwingine ataelewa maneno tu. Kwa hiyo nimeazima karatasi.

Nianze na mazishi, maana wewe ulikuwa umelala. Tulikubaliana kwamba atakayetangulia atataniwa na mwenzake vile desturi inavyotaka kwa watani. Ukitangulia wewe Mluguru, mimi niingie kaburini kabla yako, nijilaze, niseme pananitosha, nisitoke mpaka ndugu zako wanipe kitu. Basi nilifika ukingoni. Nikatazama udongo mwekundu ulivyokatwa, umenyooka kama mfereji tuliochimba pamoja. Sikuingia. Kulwa, Mnyamwezi mwenzangu anayeuza dagaa, ndiye aliyeingia. Alijilaza, akasema shimo ni refu kuliko akili ya marehemu, watu wakacheka, wakampa jogoo akatoka. Alifanya vizuri. Mimi nilishika koleo tu. Nikarudi chumbani na utani wako wote umenikaa kooni.

Shemeji alinipa ile lenzi yako, ikiwa bado na kamba uliyokuwa unaivaa shingoni. Alisema kwake ni kioo tu. Niliipokea kwa mikono miwili.

Unamkumbuka yule dada wa chuo aliyetupatia hiyo lenzi? Alikuja na viatu vya mpira na vichupa vyake, akatuajiri tumbebee mizigo kijito mpaka kijito, sisi tukidhani anatafuta madini. Kumbe anatafuta minyoo. Ulinikonyeza ukasema elimu ikizidi inarudi topeni. Lakini jioni ile alipotuwekea sahani nyeupe yenye maji na kutuachia lenzi, wewe ndiye uliyekataa kuondoka. Alitufundisha kwamba minyoo ya maji haya si ukoo mmoja. Kuna wenye pingili, mwili umegawanyika pete kwa pete kama muwa: ruba yumo humo, na wale wembamba wekundu wa kwenye tope, na hata mnyoo wa shambani ni ndugu yao. Kuna wa mviringo, laini kama uzi, hawana pete yoyote. Na kuna bapa, wale wanaokaa chini ya mawe ya chemchemi, wamelala kama jani lililoloa, hawana pingili, na mdomo wao hauko kichwani. Uko katikati ya tumbo. Chakula kinaingia hapo, na mabaki yanatoka hapo hapo.

Nilisema nawajua watu wa namna hiyo huku Uluguru.

Wewe ulikuwa umeinama, unauliza ruba na mnyoo wa shambani wamekuwaje ndugu wakati mmoja ananyonya damu na mwingine anakula udongo. Yule dada akasema hawaangalii anakula nini, wanaangalia alivyoumbwa, na alivyoumbwa kunaonyesha alikotoka. Ukatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za kwao. Ukaniambia ni kama ninyi Waluguru mnavyohesabu ukoo kwa mama: mtoto anaweza kuwa mlevi au padri, tumbo alilotoka ni lile lile.

Halafu zamu yangu ikafika. Yule bapa alikuwa anateleza juu ya sahani bila miguu, bila kujikunja, kama kivuli cha wingu kinavyopita kwenye shamba. Kichwa chake kama ncha ya mshale. Na juu ya kichwa, macho mawili meusi, kila moja na kiweupe pembeni, yote yamegeukia puani. Nikatazama lenzi. Nikakutazama wewe. Nikatazama lenzi tena.

Nikakwambia, "Polikarpi, njoo usalimie, ndugu zako hawa. Makengeza yale yale."

Ulicheka mpaka ukakaa kwenye maji. Na jibu lako lilikuja kesho yake, tulipofungua tenki, yanakoingia maji ya chemchemi, kuchota tope na kuwakuta wale wekundu, vichwa vimezama topeni, mikia juu inapunga. Ulisema umewapata ndugu zangu na mimi: kichwa chini, matako juu, kazi tu, hao ni Wanyamwezi. Tangu siku hiyo hatukupita chemchemini bila wewe kugeuza lile jiwe la chini ya mgomba mwitu. Unawahesabu kwa macho, unawauliza wameamkaje, unalirudisha polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Ulikuwa unaniambia, "Hawa hawavumilii uchafu, Shija. Siku ukigeuza jiwe usiwakute, usinywe."

Sasa sikia. Ulipoondoka, mvua zilikuja kwa fujo. Tope likaingia tenkini. Kulichota ni kazi ya wawili, mmoja ndani na mmoja juu, na mimi nilikuwa mmoja. Niliomba mtu, wakasema subiri arobaini ipite. Mara mama mmoja akakuta mnyoo mwekundu kwenye ndoo yake. Kesho yake mwingine. Watoto wawili wakaumwa tumbo. Hofu ikapanda mlima haraka kuliko mtu. Kamati ya maji ikakaa, na mjomba wako mzee Gaspari akatoa uamuzi: chemchemi imeoza, ipatikane ndoo ya klorini, imwagwe yote kwenye jicho la maji. Na imwagwe siku ya arobaini yako, wakati ukoo wote umekusanyika.

Siwalaumu. Mtu akiona mnyoo kwenye maji ya mtoto wake haulizi una pingili au hauna.

Nilikwenda kwa mzee. Nikampa shikamoo yake, nikakaa chini, nikamweleza kwamba wale wekundu ni wa tope la tenki, na chemchemini wako wa aina nyingine, na hao ndio dalili kwamba maji bado mazima. Dawa ikimwagwa kwenye jicho watakufa wote, na tope litabaki pale pale tenkini na wekundu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa upole, "Shija, wewe ni mtu wetu. Lakini mnyoo ni mnyoo, na chemchemi ni ya ukoo. Kibarua hana neno kwenye jicho la maji." Ningebisha vipi? Hata mimi sikuwa na hakika. Nilichokuwa nacho ni maneno yako na ya yule dada.

Mchana wa kabla ya arobaini nilisinzia kwenye gunia karibu na chemchemi. Nikakuona unapanda na maji. Ulikuwa bapa, mtani, mwembamba kama shuka iliyoanikwa, hukanyagi, unateleza. Hukutoa sauti. Ulipita juu ya miguu yangu nikahisi baridi, ukafika kwenye jiwe ukaingia chini yake, na jicho lako moja likanitazama mimi, jingine likatazama bondeni. Nikaligeuza jiwe nikuulize kitu. Chini yake palikuwa pakavu. Palikuwa pasafi kama sahani iliyooshwa.

Niliamka nimeloa mpaka magotini. Maji yalikuwa yamejaa tu.

Arobaini ikafika. Katekista aliongoza sala, wali ukaliwa, pombe ikazunguka kidogo. Kisha wakaanza kupanda chemchemini, mzee Gaspari mbele, mpwa wake mmoja amebeba ndoo ya klorini kichwani. Mimi nyuma, na wapagazi wa masufuria. Na hapo, sijui ni wewe au ni ile pombe, koo langu likafunguka. Nikakumbuka kwamba sikuwa kibarua tu. Nilikuwa mtani, na matanga hayajaisha.

Nikaivuta ndoo kutoka kichwani kwa yule mpwa nikakimbia. Na magoti haya. Nikakaa katikati ya maji, mgongo kwenye jiwe lako, nimeikumbatia ndoo. Nikatangaza kwamba nimeteka, na mali haitoki bila kukombolewa. Watu wakaangua kicheko, maana walidhani nimelewa, halafu wakaelewa. Mzee Gaspari alikunja uso, lakini angefanya nini? Ukimkasirikia mtani msibani, umejifedhehesha mwenyewe. Wakaniletea kuku. Nikasema sitaki kuku.

Nikasema, "Juzi mmemzika Polikarpi, leo mmekuja kuwamaliza ndugu zake. Makengeza ya ukoo huu mnamwachia nani?"

Nilisikia maji yanapita chini ya suruali yangu. Nikajua nimevuka mpaka, maana makengeza yako hakuna aliyekuwa akiyataja mbele ya mzee, hata mimi. Nikasema kwa sauti ya chini sasa kwamba fidia yangu ni moja: kila mtu ainame awasalimie, kisha nitatoa ndoo, na wafanye watakavyo.

Shemeji Veronika ndiye aliyetoka. Alikunja kanga, akaingia kwenye maji. Nikageuza jiwe. Mtani, sikuwa nimeligeuza tangu ndoto ile. Walikuwepo. Walikuwa wengi, wamebanana. Nikamtoa mmoja kwa jani, nikamweka kwenye kiganja cha shemeji chenye maji, nikampa lenzi.

Alitazama muda. Nilimwona bega linaanza kutikisika nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mkono mwingine mdomoni, cheko lile la jikoni ulilokuwa unalijua. Akasema, "Ni yeye. Anakutazama huku anatazama pembeni." Ndipo machozi yakafuata, lakini kicheko hakikukoma, vyote viwili vikawa vinakwenda pamoja. Dada zako wakaingia majini. Wakagombania lenzi. Mmoja akamwambia bapa kwamba ana deni lake la kitenge. Kulwa akaeleza habari za mdomo wa tumboni, akaongeza na zake, sitaziandika.

Mzee Gaspari alikuja mwisho. Walimshika mikono akapiga goti. Alikodoa macho kwenye lenzi.

"Huyu anatazama wapi?"

"Kote kote, mzee," nikasema. "Kama marehemu."

Hakucheka. Alimtazama tena. Akamrudisha mwenyewe kwenye maji, kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala. Kisha akasema jiwe lirudishwe polepole, na akauliza ni nani anashuka tenkini na mimi.

Tulishuka mimi na Kulwa, na wanaukoo wakapokea madebe juu. Tope lilifika magotini na wekundu walikuwa wamesimama humo kama nyasi, wanapunga. Ndugu zangu. Niliwachota kwa koleo bila huruma, mpaka debe la mwisho, hilo nikalishusha kwenye kinamasi cha chini ambako hakuna anayechota. Nawe usinicheke. Klorini iliwekwa kidogo ndani ya tenki baada ya kusuguliwa, kwa kipimo alichotupa nesi. Wale watoto wamepona. Nesi anasema labda ilikuwa mikono tu, hajui, na mimi sijui.

Bomba linatoa maji meupe sasa. Jana mzee Gaspari alipita hapa na fimbo yake. Hakunisemesha habari ya siku ile. Aliniuliza tu wameamkaje. Nikamwambia wazima.

Nimechoka, Polikarpi. Mgongo hauniruhusu tena kama zamani, na naota vumbi la kwetu, nikiota naamka na kiu. Iko siku nitashuka na basi la Tabora nisirudi. Jambo moja linaniudhi: ulinikwepa. Tulikubaliana kutaniana, na zamu yangu ya kuzikwa ikifika, nani ataingia kwenye shimo langu aseme linamtosha? Umekula utani wangu, wa kwako hukulipa. Hilo silisahau, na tukikutana nitalidai mbele za watu.

Nikiondoka lenzi nitamwachia shemeji. Ameanza kuja mwenyewe asubuhi, anajifanya anatafuta kuni. Mpaka siku hiyo nitakuwa nageuza jiwe lako kila nikija, nawasalimia kwa jina lako. Wakiwa wengi nitakunywa. Wakipungua nitapiga kelele mpaka ukoo mzima upande, hata kama sina utani wa kujifichia.

Ukungu unanyanyuka, nami nimepanda na karatasi mpaka chemchemini, miguu majini, jiwe lako nimeligeuza. Nimeona mmoja sasa hivi, mdogo kama ukucha, amepanda kwenye kidole changu cha mguu, anatazama pembeni.

Lala, mtani. Jiwe nalirudisha polepole.

Wako,
Shija